Herufi M

Kesho mwalimu Ayuma anakuja na mkokoteni
kuichukua kompyuta, aipeleke shuleni
kule juu penye mawe.
Wasichana arubaini, mashine moja. Si haba.

Nilidhani nimeshafuta.
Nimebofya, nimetupa, nimemwaga hata pipa la taka,
nikapangusa mikono kama mtu aliyemaliza kuzika.
Ambeyi, fundi wa simu pale stendi ya Luanda, akacheka:
"Mzee, umeng'oa kibao cha mlangoni tu.
Mpangaji bado yumo ndani,
amejifungia, anapika."
Akachomeka kidude chake. Dakika mbili hazijaisha
wakarudi wote.

Mkataba wa shamba la kina Okwemba, nakala tatu,
ya tatu ina mpaka wake yenyewe.
Barua ya kuomba kazi ya kijana aliyejiongezea alama za hisabati
huku mimi nikitazama dari.
Mama Vihenda, akimwandikia mumewe aliyeko Kericho:
nilichapa, akasoma, akasema ngoja kwanza,
akatoka, hakurudi kuichukua. Shilingi thelathini.
Na matanga, matanga, kurasa kwa kurasa:
ratiba, picha ndani ya duara, wasifu,
"marehemu alikuwa mchapakazi na mpenda watu" —
nimeiandika hata kwa yule
ambaye soko zima lilimjua.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Basi leo kata inaoshwa.

Ambeyi akaniachia programu inayoandika sifuri,
sifuri juu ya kila neno, chumba hadi chumba,
kama mtu anayepaka chokaa usiku.
Tulianza saa kumi na moja jioni.
Ilipofika asilimia themanini na tatu
stima ikapotea.

Nikakaa na mshumaa mbele ya kioo cheusi
nikipiga hesabu: Okwemba yupi amekwenda, yupi yumo?
Na ile barua,
nikajikuta naomba iwe katika kumi na saba zilizobaki.
*Mvua imenyesha. Nimepanda peke yangu.
Usiniulize nimepanda nini.*
Kisha nikajionea haya.
Haikuwa barua yangu.

Stima ilirudi saa tano. Nikaanza upya, tangu mwanzo.

Asubuhi Ambeyi ameiwekea mfumo mpya.
Nimeiwasha, ikaniuliza natumia lugha gani,
kana kwamba hatujuani.

Nikachukua kitambaa na spiriti, nikasugua kibodi.
Herufi zote zipo, ila M:
imelika, kitufe kinang'aa kama kokoto la mtoni.
Miaka kumi na minane ya marehemu, marehemu, marehemu.
Hiyo haina programu, ya kufuta wala ya kurudisha.

Mwalimu, waambie wasichana
iko kati ya N na alama ya mkato.