Daftari la Dizeli

Jenereta la Siyu tulilibandika jina: Bi Kikohozi.
Alianza kukohoa baada ya magharibi,
akanyamaza saa nne, kila mtu yuko nusu ya jambo lake:
nusu ya gauni, nusu ya hesabu, nusu ya ugomvi.
Mimi ndiye niliyemlisha, miaka kumi na tisa.
Ufunguo wangu, mpira wa kunyonyea wangu,
na daftari hili la jalada jeusi, lenye harufu
ambayo mke wangu alisema naingia nayo chumbani
kama mke mwenza.

Fungua popote.
Athmani mshona makubadhi, lita mbili, hajalipa.
Rukiya wa cherehani, lita moja na nusu, kalipa kwa mayai.
Msikiti: hapa sikuandika kitu, nilitia nukta tu.
Pipa lilitoka Mokowe kwa boti, bei ilitoka mbali zaidi:
watu wawili wasioijua Siyu hata kwa ramani
wakikunjiana ngumi kwenye mlango wa bahari fulani,
sisi huku tunazima taa mapema.

Na mwaka ule pipa lilipopasuka kando ya jabia
tulikunywa upinde wa mvua wiki tatu.
Watoto waliupenda.
Matumbo hayakuupenda.

Akaja Mwanatumu, binti yangu, bisibisi kiunoni,
akapanda paa la madrasa na suruali ndani ya buibui.
Watu waliitazama suruali. Hawakutazama alichobeba.
Vioo sita vyeusi, akavilaza
vikielekea kaskazini, ndiko kibla,
na maalimu, aliyekuja na maneno, akarudi nayo.

Mwezi wa saba mawingu yakakaa kama mgeni asiyeaga.
Nikasema: haya, jua lako liko wapi?
Hakujibu. Alipanda ghala la barafu,
akasimamisha pangaboi lililotoroka darini,
panga tatu, mkia wa bati, likageuka geuka likitafuta,
kisha kusi ikalishika.
"Jua likikonda, Baba, upepo hunenepa."
Samaki wa Kizingitini wakalala kwenye barafu
isiyonuka dizeli.

Nilinuna, nisiseme uongo.
Kuku ametagia ndani ya Bi Kikohozi
na mimi usiku sipati usingizi, kimya kinanipigia kelele.
Chumvi nayo haijalala: inatafuna kokwa za lile panga,
kila mwezi Mwanatumu yuko juu na kopo la grisi.
Nikamwambia, mafuta umeyakimbia, mafuta yamekufuata.
Akacheka mpaka ngazi ikatikisika.

Lakini kuna hili.
Jana, jua la saa saba, la kukaangia yai juu ya bati,
nimepita kwa Rukiya, cherehani imesimama.
Kisanduku cha ukutani kimejifunga.
Siku nne hajatuma zile shilingi hamsini za kila siku,
na huko Nairobi mashine isiyomjua imebonyeza kitu.
Jua limejaa ua mzima, limejaa kwenye sufuria,
limemkalia Rukiya mapajani kama paka,
na taa haiwaki.

Bi Kikohozi alikuwa na dhambi zake,
ila alikubali mayai.

Nikatoa simu. Namba zikaja, ishirini, nikamsomea,
akazibonyeza moja moja kama anayefungua sanduku la mahari.
Taa ikawaka mchana kweupe, haina kazi,
tukaikodolea macho wote wawili.

Nimerudi nyumbani, mkono ukaenda wenyewe kwenye daftari.
Tarehe. Jina: Rukiya wa cherehani.
Safu ya tatu nimeipiga mstari mwenyewe tangu zamani, juu imeandikwa *Lita*.
Kalamu ikakwama hapo.
Siku saba za mwanga ni lita ngapi?
Mwanatumu, mikono na grisi, akachungulia begani kwangu.
"Andika siku."
"Na malipo?"
Akalitazama daftari, ukurasa baada ya ukurasa, majina ya mji mzima.
"Kwa hilo," akasema, "inabidi tuitishe mkutano."

Nikaweka nukta.