Ndoo Iliyofutwa

Łódź, Novemba, saa nane za usiku,
ghorofa ya tatu, na tarishi bado anateleza.
Halszka amemchora akachoreka: kofia, masharubu,
mkoba begani, makunjo ya suruali magotini.
Lakini akimwambia nenda, huenda
kama sahani juu ya meza iliyomwagikiwa mafuta.

Anairudia fremu ya kwanza: kisigino kinagusa.
Ya nne: goti linapokea, nyonga inashuka.
Ya saba: mguu huu unaupita ule.
Ya kumi: unyayo unasukuma, mwili unapanda.
Ya kumi na tatu, kisigino cha pili.
Hesabu haina dosari.
Tarishi anatembea kama hesabu.

Anashusha nyonga kidogo, amelewa.
Anaipandisha, amekuwa jogoo.
Anauchelewesha mkono fremu mbili:
sasa anampungia mtu asiyekuwepo.
Halszka anavua viatu, anatoka ushorobani,
anatembea akijihesabia, moja, nne, saba,
na kadiri anavyojitazama
ndivyo anavyosahau mguu upi hutangulia.

Mlango wa ngazi ukafunguka. Bwana Zenon, mfagizi,
na ndoo pomoni, mkono wa kulia.
Hakumwona. Au alimwona, akamsitiri.
Bega moja chini, jingine juu,
mkono mtupu umetanuka pembeni
kama unaoiomba hewa njia;
hatua moja fupi, ya pili inaifidia,
na maji ndani ya ndoo yanachelewa kidogo
nyuma ya kila kitu, yanaruka ukingo, yanamwagika.

Halszka akarudi mbio kwa soksi.
Akampa tarishi ndoo: mcheduara wa kijivu,
hauna hata mshikio.
Fremu ya nne akaisogeza ikawa ya tano,
maana uzito hauna haraka ya kutua.
Ya kumi akairudisha ya tisa,
maana mwenye mzigo hutamani kufika.
Mstari wa nyonga kwenye grafu,
uliokuwa mawimbi sawasawa,
ukawa kama mwandiko wa mtu.

Kisha akaifuta ndoo.

Mkono mtupu haulambwi, husemwa.
Huu, angalau, unaaminika.
Tarishi anavuka skrini, anaanza upya, anavuka,
bega chini, amebeba kisichoonekana:
barua moja, labda, asiyopenda kuifikisha.

Ushorobani Bwana Zenon anaziinamia nyayo mbichi,
tano tu, kila moja mbali na mwenzake,
na katikati yake sakafu kavu.
Anazitazama kitambo.
Halafu anapiga deki.