Karatasi ya Hamsini na Saba

Afisa wa mafao anataka tarehe.
Si msimu wa mvua, si mwaka wa nzige: tarehe.
Basi nimepanda Mwakaleli na kisu cha jikoni
kuubandua ukuta wa baba yangu.

Ukuta ule haukupakwa rangi. Ulivikwa kalenda,
mwaka juu ya mwaka, kwa gundi ya uji wa ngano,
maana baridi ya Juni hupenya udongo
kama mdai anayeujua mlango wa uani.

Juu kabisa kampuni ya simu: msichana anacheka,
tarehe ndogo kama chawa chini ya meno yake.
Chini yake mbunge; ukungu umemla pua.
Chini yake duka la pembejeo la Tukuyu,
gunia lilelile la mbolea, Januari hadi Desemba.
Kisha chama cha ushirika, wino wa kijani:
siku za kupima kahawa zimezungushiwa duara.
Siku za kulipwa, hapana.
Palipo pengo najua kwa nini: tuling'oa
tukajalidia madaftari. Hesabu ya darasa la nne
niliibeba ndani ya Agosti iliyokwisha kufa.

Chini ya yote, ya misheni.
Baba hakusema kalenda. Alisema takwimu,
neno alilopewa na karani mmoja wa Pwani
kabla halijahamia serikalini kuhesabu watu.
Ililetwa na lori la Desemba:
mwezi mchanga, mwezi mpevu, siku ya gulio,
siku ya kodi, siku aliyozaliwa malkia wa mbali.
Na pembezoni, baba:
*Maharage leo.*
*Mvua ya mawe.*
*Ng'ombe wa Mwakibete kavunja ua.*
*Mwakibete kakana.*

Na hapa, Aprili, kumi na saba, Jumatano,
doa jeusi. Kidole cha mama.
Mama hakujua kuandika; alikipaka masizi ya chungu
akaniweka.

Ningeshuka Tukuyu siku ileile na furaha yangu
kama baba asingekuwa bahili wa karatasi.
Aligundua, peke yake, bila mwalimu,
kwamba miaka hurudi kama mbuzi waliopotea:
sitini na tatu ilianza Jumanne, kama hamsini na saba,
akaitundika tena karatasi ileile.
Mara ya kwanza penseli, mara ya pili wino.
Pasaka tu ndiyo iliyomkaidi. Kumi na nne
pamechapwa Mitende; amekata,
*Pasaka hapa*, kwa wino, kwa hasira kidogo.

Masizi si penseli. Masizi si wino.

Kaka yangu Ambakisye anasema mimi ni wa penseli,
mgongo wake unanikumbuka.
Shangazi Tupokigwe anasema wa wino:
siku ile walikula ndizi na nyama iliyobaki Pasaka,
na nyama, anasema, haidanganyi.

Afisa, kijana mwenye miwani, hakuinama kuitazama.
Aliandika Januari mosi, mwaka wa sitini,
katikati, asiumie mtu.
"Wengi wenu mmezaliwa siku hiyo," alisema,
akagonga muhuri.

Nimeibandika tena, upande wa kitanda.
Mwaka huu, elfu mbili kumi na tisa, umeanza Jumanne.
Nimehesabu mara mbili kwa vidole: hata Pasaka
imerudi zizini, ishirini na moja,
palepale ilipochapwa.
Sikupokea kalenda ya mtu.
Machi tano, kwa kalamu nyekundu,
pembeni mwa mwandiko wa baba:
*Maharage leo. Ua wa Mwakibete
umeangukia kwetu.*