Mkono wa Kushoto

Basi la alfajiri halikuja. Walisema limekodiwa
kupeleka wanakwaya uwanjani tangu saa tisa usiku.
Bodaboda akataka elfu kumi na tano:
sikukuu ina bei yake, mama.
Nikarudi nyumbani, nikaitoa Swala ghalani.

Swala ya Masima: rangi imebaki shingoni tu,
breki moja, kengele iliyoliwa na kutu,
na lile bomba la katikati, lililowekwa na mtu
asiyewahi kuvaa kitenge.
Nikavaa suruali ya shule ya kitinda mimba wangu,
kitenge nikakikunja kiunoni.
Masima hakucheka. Alikuwa na debe lake bovu na fimbo,
anaelekea kwenye uwele.
"Nenda wewe," akasema. "Kwelea hawana sikukuu."

Makutupora bado giza.
Mizabibu imesimama kwenye nyaya zake, mstari kwa mstari,
kana kwamba nayo imeitwa.
Veyula, mbwa wawili wakanisindikiza hadi walipochoka kunichukia.
Msalato, upepo.
Anayeijua Dodoma anaujua:
haukupigi, unakushika kifuani
kama mdai aliyekuona umetoka na hela.
Nikashuka. Nikasukuma. Nikapanda.
Mnyororo ukachomoka, nikaurudisha, ukachomoka,
nikapangusa grisi kwenye nyasi zenye umande
na nyasi zikakataa kuipokea.

Miyuji, gurudumu la nyuma likalala.
Kijana wa pancha, Chilongani, hakutaka malipo
aliposikia niendako.
"Mwanao yumo kwenye gwaride?"
"Anapiga ngoma."
"Kubwa au ndogo?"
Sikujua.
Kilomita zote zile nimekanyaga
na sijui ngoma ya mwanangu ina ukubwa gani.

Mjini barabara imefungwa kwa kamba.
Askari mwenye glavu nyeupe: "Baiskeli haipiti."
"Na mimi?"
"Wewe pita."
Nikaibeba Swala begani, nikapita.
Akatazama mawingu,
maana amri aliyopewa haikutaja baiskeli inayobebwa.

Geti la tatu likafungwa machoni pangu.
Uwanja umejaa, walisema, umejaa tangu saa kumi na mbili,
hata wenye kadi wanarudishwa.
Tukabaki nje ya ukuta, watu wa kuchelewa,
tumekalia kandambili zetu,
na mwuza karanga mmoja aliyeona kuwa huku nje
ndiko kwenye soko.

Kimya.
Kisha amri, kavu, kama ukuni unaovunjwa gotini.
Kisha ngoma.

Ngoma ishirini, labda thelathini, sauti moja.
Ndivyo walivyofundishwa.
Lakini ni mimi niliyembania muheme katikati ya magoti
akiwa na miaka sita, nikamwambia,
kushoto, Sechelela, kushoto unachelewa.
Ni mimi niliyemsikia shambani akipigia ndege debe:
kulia, kulia, halafu kushoto,
nusu pumzi nyuma.

Nikaweka sikio ukutani. Ukuta ulishaanza joto.

Ile pale.
Nusu pumzi.
Miezi minane kambini hawajaiondoa.
Au wameiondoa, na sikio langu ndilo limeirudisha.
Hilo sitamuuliza mtu.

"Unamwona?" mwuza karanga akasema.
"Namsikia."
"Yupi sasa, kwenye kelele zote hizo?"
"Yule anayekosea."
Akanipa karanga za bure, kiganja kizima,
akidhani nimehuzunika.

Sikungoja watoke. Jioni ndiyo saa mbaya ya kwelea
na Masima ana mikono miwili tu.
Upepo sasa uko mgongoni, umesamehe deni,
Swala inateremka Miyuji kama iliyoibwa,
breki yenyewe moja, na siiamini,
kwa hiyo nilipompita Chilongani
sikusimama, nilipiga kelele tu:
"Ndogo! Ni ile ndogo!"