Mstari wa 312

Oulu, usiku wa Jumamosi. Nje ni nyuzi
ishirini na saba chini ya sifuri,
na mimi, Tuure Kemppi, nimelipwa kuhamisha
programu ya kampuni ya joto la mji
kutoka seva iliyozeekea chini ya ngazi
hadi seva mpya nisiyoijua sura,
inayokaa, wanasema, ndani ya jabali huko kusini.

Kuhama kuna vumbi lake.
Nimebeba majedwali, nywila, fomu za bili,
tarehe zilizoandikwa kwa namna nne,
nimebandua viungo visivyo na fundi tena,
nikapachika vipya, vikagoma, nikavibembeleza.
Saa nane kasorobo majaribio yote ni kijani
ila moja.

Mstari wa 312:
mteja akidaiwa miezi mitatu, valvu ifungwe.
Kisha, kama kibanzi kidoleni:
isipokuwa akiwa namba 4471.
Na pembeni, neno la Raili Hyry,
aliyeyaandika yote haya kabla sijajua kusoma:
Usiguse. Najua.

Wajua nini, Raili?

4471 ni chumba kimoja mtaa wa Tuira.
Deni la miaka kumi na tisa.
Joto halijakatwa hata siku moja.
V. Moilanen. Hana simu.

Maagizo yangu hayana kona:
kanuni zihame, vighairi vibaki.
Kwenye jukwaa jipya kila kighairi kina kisanduku
na kisanduku kinadai sababu,
herufi zisizozidi themanini.
Usiache mbachao kwa msala upitao, sawa,
lakini mbachao huu umeoza pembe zote
na sahihi ya kuuzima alfajiri ni yangu.

Nikampigia. Saa nane usiku, aibu iliyoje.
Alipokea mlio wa kwanza,
kama mtu aliyeingoja simu hii tangu astaafu.
Sikumaliza kutaja namba.
"Bado yu hai?"
Nikafungua usomaji wa mita. Tarakimu ya mwisho
ikageuka, ikatulia, ikageuka.
"Anatumia maji ya moto sasa hivi," nikasema.
"Saa hizi huwa halali," akasema Raili,
akakata.

Kwenye kisanduku niliandika: Mita inazunguka.
Mfumo ukakubali, haukuuliza la pili.

Kisha nikaizima ile ya chini ya ngazi.
Feni yake ilichukua muda mrefu kunyamaza.