Kwa Mgongo Wangu, Montevideo

Miaka sabini na minne tumelala kitanda kimoja
na uso wako siujui.
Magoti nayajua, viganja navijua,
hata kisogo nimekiona kwenye kioo cha kinyozi.
Wewe ulikuwa nyuma tu, unabeba.

Tulibeba piano. Tuseme ukweli:
mimi nilipokea malipo, wewe ulibeba piano.
Ile nyeusi ya mjane Etcheverry, Mtaa wa Durazno,
ghorofa ya tatu, ngazi za marumaru zinazojisokota,
Ubaldo chini akitukana watakatifu,
mimi juu, mkanda begani, nimeuma kofia.
Hukulalamika.
Nikadhani kimya ni afya.

Agosti hii, upepo wa kusini ukigonga madirisha,
niliinama kuokota kijiko.
Kijiko, bwana! Cha sukari!
Ukagoma papo hapo.
Nikabaki nimekunjika kama kisu cha mfukoni
mbele ya jiko, birika likichemka
mpaka likakauka, likaanza kunuka.

Nililala siku kumi na moja.
Shemeji yangu Nélida alinivisha soksi
huku akitazama pembeni, kwa heshima.
Niliichukia heshima ile kuliko maumivu.
Na kitanda nacho kilikuwa mwizi:
Jumatatu nilifika mlangoni,
Ijumaa mlango ulikuwa umehama.

Ndipo wakanipiga picha, wakaitundika kwenye mwanga,
nikakuona.
Pingili kwa pingili, muwa wa kijivu.
"Hapa pameliwa," nikasema. "Na hapa pamekwisha."
Anahí Pintos, tabibu wa viungo,
binti mwenye kucha fupi kama za mpiga gitaa,
akasema, "Hizo ni mvi, don Eladio, ila zimeota ndani.
Nimeona pingili mbaya kuliko hizi zikikimbilia basi."

Akaniuliza mambo ya ajabu.
Miguu inakufa ganzi? Mkojo je, unauzuia?
Umeanguka? Umekonda bila sababu? Homa za usiku?
Hapana. Hapana. Hapana.
Nilikonda, lakini Nélida hapiki chumvi.
"Basi nyumba haiungui," akasema.
"Hii ni kengele ya moto iliyozoea kulia
hata mtu akikaanga kitunguu."

Nikamwambia samaki hukunjwa angali mbichi.
Akacheka. "Na mkavu je?
Mkavu hulowekwa."

Dawa yake ilikuwa kiti.
Simama, kaa, bila kushika popote, mara kumi.
Kisha chupa ya maji moto kiunoni,
kisha kona ya mtaa na kurudi,
na siku mbaya nenda nusu, usiende sifuri.
Mimi, niliyepandisha piano mia saba,
naagizwa nijipandishe mwenyewe kutoka kwenye kiti!

Basi nahesabu kwa ngazi zetu.
Moja: Durazno, mjane alitupa peremende.
Mbili: Yaguarón, lifti ilikuwa mbovu.
Tatu: ile iliyotuponyoka,
ikalia nyuzi zote kwa mpigo mmoja,
mtaa mzima ukafungua madirisha.
Nne.
Tano, hapa unaanza kunong'ona.
Sita, sishindani nawe, napumzika.
Ya saba tuliifikia mwisho wa Septemba.

Sisemi umepona. Saa tisa usiku bado unaniamsha
kama mpangaji mwenye shauri.
Nageuka ubavu, naweka mto kati ya magoti,
nakuambia: nimesikia.
Zamani ningekuambia nyamaza.

Leo asubuhi niliketi kwenye kidato cha chini mlangoni,
mguu juu ya kreti ya chupa,
nikafunga kamba za kiatu cha kushoto.
Ilinichukua muda ambao mtu angekunywa kibuyu kizima cha chai chungu.
Cha kulia nikamwachia Nélida.
Safari hii hakutazama pembeni.