Macho Yana Pazia

Msimu huu nimeandika majina elfu na ushei.
Chilumba, Nantende, Mkwachu, Likungwa,
jina, kijiji, kilo, daraja,
jina, kijiji, kilo, daraja,
tangu mizani inapofunguliwa
hadi mlinzi anapokuja na funguo.
Kompyuta haichoki, nami nikajiona chuma.

Kwanza ulikuja mchanga,
mchanga usioonekana, chini ya kope.
Nikasingizia vumbi la magunia.
Kisha tarakimu zikaota manyoya,
nane ikafanana na tatu,
kichwa kikanibana juu ya nyusi
kama kofia ya mtoto.
Nikasugua,
kwa vidole vilevile vilivyotoka kukata korosho za sampuli.
Mafuta ya ganda, jamani!
Nililia mbele ya foleni nzima,
watu wakadhani nimefiwa.

Ijumaa akaja mwanamke wa Mnyambe,
stakabadhi kaikunja mara nne katika pindo la kitenge.
"Mizani ilisema mia tatu themanini na nane.
Wewe umeandika mia tatu thelathini na tatu."

Kilo hamsini na tano.
Sare za shule hizo, na salfa ya mwakani,
na deni la duka.

Nikamuuliza jina.
"Sijaona. Sijaona Mnalyolyo.
Jina nilipewa na bibi.
Lakini leo, baba, asiyeona ni wewe."

Jumatatu nikaenda hospitali.
Muuguzi wa macho, Asumini, akanipa simu nisome,
akatazama saa yake, akatazama kope zangu.
"Dakika nzima. Umepepesa mara nne."
Sisi tunaosema kufumba na kufumbua
kwa maana ya upesi,
mimi nilikuwa sifumbi kabisa.
Nikajitetea: si wanasema macho hayana pazia?
"Yanalo," akasema. "Wewe hulishushi.
Kila dakika ishirini, tazama mbali, hesabu ishirini.
Mbali, nimesema, si ukutani.
Kompyuta ishushe, uiinamie kidogo kama mtoto,
isikusimamie kama askari.
Na matone usinunue kwa kubahatisha.
Usipopata nafuu, rudi tupime miwani."

Mbali!
Newala hatujawahi kupungukiwa na mbali.
Nyuma ya ghala ardhi inakatika ghafla,
na chini, chini kabisa, bonde la Ruvuma,
kisha Msumbiji,
vilima visivyojua bei ya mnada wetu.
Miaka sita nimeketi nikivipa mgongo.
Nikageuza meza.

Siku ya kwanza foleni ikanung'unika.
"Karani anasinzia macho wazi!"
"Anapima kilo zetu hewani!"
Nilikuwa kumi na saba. Nikamaliza.

Siku hizi mkulima ananisomea kilo zake,
nami nafumba macho, nasikiliza,
naandika, namsomea tena.
Kumbe sikio nalo linajua kusoma.

Sitasema nimepona.
Usiku ndani ya chandarua simu bado inaniita,
nimepunguza mwanga wake, nimeuweka wa njano,
na bado saa saba hunikuta
nikitazama mtu nisiyemjua akipika wali.
Asubuhi mchanga hurudi,
na siwezi tena kusingizia magunia.

Jana Sijaona alileta gunia la mwisho.
Akanikuta kwenye kumi na moja,
akasimama kando ya meza, akafuata macho yangu.
"Unatazama nini kule?"
"Sitazami kitu."
Akatua mzigo, akajifuta jasho.
"Basi nisogezee kiti,
na mimi nisitazame kitu kidogo."

Kumi na mbili, tukahesabu.